Maoni ya Siku ya Saba

Dada Yunisi,

Shangazi Tabita akijua nakuandikia barua atanifokea mpaka majirani watoke nje. Kwa desturi ya ukoo wetu mimi ndiye wewe tangu mwezi wa kumi na mbili, na mtu hajiandikii barua. Basi nimefunga kibanda changu cha cherehani hapa Chapwa, Tunduma, nimetundika kipande cha boksi kusema fundi katoka, na nimekaa ndani kwenye mwanga wa dirisha. Ni saa sita mchana. Kesho mimi na Salome wako tunapanda treni kwenda Dar es Salaam, kisha boti mpaka Unguja. Ni ile safari yako, wiki nzima ya Mji Mkongwe. Kabla hatujaondoka nataka ujue mambo yalivyokwenda, ingawa kuna mengine nadhani unayajua kuliko mimi.

Nianzie pale tulipoachana. Ulikuja hapa hapa kibandani, Jumanne, wakati wa mapumziko ya saa nne, kuchukua lile gauni la kijani. Ulikuwa na chaki mkononi kama kawaida yako, nikakukaripia usinishikie kitambaa. Ukacheka. Kisha ukaegemea meza ya kukatia, ukasema kichwa kinakuuma upande mmoja. Nikakukalisha, nikaita bajaji. Tukiwa barabarani, katikati ya malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani, ukanishika mkono ukaniambia, "Lidia, usimwambie Salome. Ana mtihani." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho. Malori hayakusogea, na ulipokata roho bajaji ilikuwa bado imesimama palepale.

Dada, ulimaanisha kichwa. Najua ulimaanisha kichwa tu, kwamba mtoto asisumbuliwe shuleni kwa sababu mama yake anaumwa kichwa. Lakini nilipoyarudia maneno yale msibani, nikiwa nimechanganyikiwa, wazee wakayapokea kama wasia. Salome alikuwa bwenini kule Mbozi, anajiandaa na mtihani wa kidato cha pili. Wakasema mwenyewe kaagiza, nani atavunja? Tukakuzika bila mwanao. Mwezi mzima na zaidi aliendelea kusoma, akipiga simu Jumapili kwa simu ya matroni, na mimi nikimjibu kwamba mama hajambo, ana kazi nyingi, amemsalimia sana. Nilimdanganya mwanao, Dada, na sauti yangu haikutetemeka hata mara moja.

Alipomaliza mtihani, wazee walikuwa wamengoja ili nirithishwe jina lako mbele yake. Unajua inavyofanyika, ulikuwepo jina la bibi liliporithishwa. Walinikalisha kwenye mkeka. Shangazi akanifunga kitenge chako kiunoni, akanipaka unga kwenye paji la uso, akasema kwa Kinamwanga, kisha kwa Kiswahili ili wageni waelewe, "Yunisi karudi. Huyu ndiye Mama Salome." Watu wakaanza kuja mmoja mmoja kunisalimia kwa jina lako. Katikati ya salamu hizo Salome akaingia uani, tranka mkononi, sare bado mwilini. Akakitazama kitenge. Akautazama uso wangu wenye unga. Akauliza, "Mama yuko wapi?" Shangazi akamshika bega, akamgeuza kwangu. "Usilie, mwanangu. Mama yako huyu hapa."

Na hakulia. Wote walimsifu kwa hilo. Alinisogelea, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, mama." Lakini macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa yanatazama nyuma ya bega langu la kushoto, kwa adabu, jinsi mtoto anavyomtazama mkubwa wake. Nikageuka. Hapakuwa na mtu.

Kwetu jina likishapokelewa kilio hufungwa. Kumlilia mtu aliyerudi ni kumtukana. Basi nikapewa jina, nikapewa nyumba, nikapewa mtoto, na Shangazi akamhamishia Salome shule ya kutwa hapa mjini ili akae na "mama" yake. Wanawake wa kwaya waliniambia nishukuru, maana mimi sikujaliwa kuzaa. Walisema wakitabasamu. Ningekuwa na sindano mkononi ningewachoma.

Mwanzoni nilidhani jina ni nguo ya kuazima tu. Nilihamia kwako, nikalala kitandani kwako. Wanafunzi wako wakawa wananiamkia njiani, "Shikamoo, Mwalimu," mimi niliyeishia darasa la saba. Yule mteja wangu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anayechukua sare kwa jumla, yule anayeniita bamayo, yaani mama kwa Kibemba chao, alisimama siku moja akanikazia macho. "Bamayo, siku hizi mnaongea kama mwalimu." Na kweli nilikuwa nimemwambia, "Tuende kwa mpangilio." Neno lako hilo. Mimi sijawahi kwenda kwa mpangilio tangu nizaliwe.

Mwezi wa pili nikalitoa lile gauni la kijani ili nilifumue, nimshonee Salome sketi. Wewe ulikuwa mwembamba na mrefu, mimi kibonge, unajua ulivyokuwa unanitania. Sijui nini kilinituma nilivae. Likanikaa. Nikachukua futi nikajipima, nikafungua daftari la vipimo kwenye ukurasa wako. Kifua chako, kiuno chako, nyonga zako. Sawa, huzuni hukondesha, sikushangaa sana. Lakini urefu wa mkono, Dada, kutoka begani mpaka kifundo? Mkono wa mtu mzima hauongezeki. Nilipima mara tatu, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi na watu wakipita, na kila mara futi ilisoma kipimo chako.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Angeniuliza Mama Salome una nini.

Mwezi wa nne Salome akaniletea kaunta buku lako lenye jalada la bluu, akaliweka mezani karibu na sahani yangu. "Mama, uliahidi," akasema. Hakusema mama aliahidi. Nikampigia Shangazi kule Ndalambo kumuuliza, akajibu bila kufikiri kwamba aliyoahidi Yunisi nimeahidi mimi, nimpeleke mtoto likizo ya mwezi wa sita.

Nilipolifungua nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Mwanamke wewe! Likizo umeiandika kama azimio la kazi la mwalimu. Umepiga mistari kwa rula, umetenga safu: Siku, Mahali, Shughuli, Rejea, Maoni. Siku ya kwanza kufika kwa Bi Zuhura, mwenye chumba cha kupanga, na kupumzika. Siku ya pili Ngome Kongwe. Siku ya tatu pale lilipokuwa soko la watumwa, na kwenye Shughuli umeandika "kukaa kimya dakika kumi." Siku ya nne kuchagua mtaa mmoja na kuchora milango yake. Siku ya tano sokoni Darajani, Salome apewe nafasi ya kupotea kidogo na kujitafutia njia. Siku ya sita kupumzika na kuandika. Siku ya saba ufukweni, kuingia majini mpaka magotini. Miaka kumi na minane ulifundisha habari za pwani pale darasani, huku barabarani kukitimka vumbi la malori, na hukuwahi kuiona bahari. Safu ya Maoni ulikuwa umeiacha wazi, maana maoni hujazwa somo likishafundishwa. Hata mimi wa darasa la saba najua.

Tukaanza kupanga, kila Jumapili tukitoka kanisani. Na kwa kweli, Dada, kulikuwa na raha yake. Alikuwa na mambo ya watoto wa miaka kumi na sita: kama kwa Bi Zuhura simu inashika mtandao, kama anaweza kusuka rasta kabla ya kwenda, kwa nini asivae suruali. Nikamwambia mji wa watu una heshima yake, nikamshonea madera mawili, akajitazama kwenye kioo akasema anafanana na pazia. Tulibishana masweta. Hapa mwezi wa sita unauma, asubuhi ukungu haukuonyeshi hata ng'ombe aliyesimama mbele yako, na yeye akitaka kuondoka na nguo za joto la pwani tu. Mchana wa Jumapili ukapita hivyo, na nikaanza kuingojea siku hiyo tangu Jumatatu.

Jumapili ya pili nililifungua kaunta buku, nikakuta Maoni ya siku ya kwanza yamejazwa. "Tumefika salama. Salome amechoka, amelala mapema." Mwandiko wako, Dada. Ile S yako yenye mkia. Nilimtazama Salome nikidhani ni mchezo, naye akasoma kwa utulivu, akasema, "Si umeandika wewe, mama." Jumapili iliyofuata yakawepo ya siku ya pili. "Ngome ina kuta nene kuliko nilivyowafundisha." Iliyofuata, ya siku ya tatu. "Tumekaa kimya. Salome amenishika mkono." Safari hatujaifanya, na tayari kuna mtu ameifanya na anaandika alivyoiona.

Nitakwambia ukweli ulionitisha. Sikumwogopa Salome wala sikukuogopa wewe, niliuogopa mkono wangu. Mkono uliorefuka, je, hauwezi kuandika mwenyewe? Siku moja hapa kibandani nilichukua kalamu nikaandika jina langu kwenye boksi la vifungo. Likatoka na mwandiko wako. Nikajituliza kwamba baba alitufundisha wote meza moja, kalamu moja. Lakini nililigeuza boksi lile likatazama ukuta.

Wiki mbili zilizopita yakajazwa ya siku ya saba. Nayaandika hapa kama yalivyo. "Tumeingia majini. Tumebaki. Lidia amerudi peke yake."

Nililifunga lile buku nikaamua palepale kwamba safari haipo, liwalo na liwe. Nikatoka uani na simu yangu nikampigia Bi Zuhura, yule mjane uliyepewa namba yake na mwalimu mwenzako, anayepangisha chumba cha juu nyumbani kwake. Sikuwahi kuongea naye. Nikajitambulisha kwamba ni Mama Salome wa Tunduma. Dada, ndilo jina langu siku hizi, halikunijia jingine. Akafurahi. "Mbona sauti yako leo imekuwa nzito, mwanangu? Wapata baridi huko? Si tumesema juzi tu, ukaniambia mwataka kitanda kimoja kwa kuwa mtoto hapendi kulala peke yake." Nikamuuliza juzi lini. Akasema kila wiki nampigia, na yeye ameshanizoea, hata mapishi nimemuuliza. Nikamwomba anisomee namba inayompigia. Akanisomea yako.

Simu yako, kile kitochi, hatukuiona tangu siku ya msiba. Tulidhani imeangukia kwenye bajaji.

Nilikupata Alhamisi iliyopita, saa tisa alasiri. Uzi mweupe ulikuwa umeniishia nikarudi nyumbani kabla ya muda wangu. Kabla sijafika mlango wa jiko la nyuma nikakusikia. "Salome, umekula?" Ulikuwa wewe, si mtu anayekuigiza, na ule mkwaruzo wako wa vumbi la chaki. Salome akajibu, "Nimekula, mama." Kisha wewe tena: "Haya, lete daftari, tuende kwa mpangilio." Jua lilikuwa kali, kuku walikuwa wanakwakura pembeni yangu, na mimi nikajibanza ukutani.

Nikachungulia. Salome alikuwa peke yake, amekaa kwenye kigoda, amenipa mgongo. Kitochi chako, alichokikuta kwenye mkoba wako wa shule, kilikuwa sikioni, kioo chake cheusi, hakina hata chaji. Kaunta buku lilikuwa mapajani na kalamu mkononi. Koo lake ndilo lililokuwa likitoa sauti zote mbili. Na bila kugeuka akasema, kwa sauti yako, "Lidia, usisimame mlangoni."

Nikaitika. "Abee, dada." Ilinitoka kabla sijajizuia.

Ndipo akageuka, na alikuwa mtoto tu, midomo imemkauka. Hakuona haya wala hakuogopa. Alinieleza taratibu, kama anayemfafanulia mtu asiyejua kusoma. "Mlisema mama hajafa, ni wewe. Nikakuangalia wiki nzima, hukuwa yeye. Jina ulilichukua wewe. Sauti ikabaki haina mtu. Nikaichukua mimi." Nikamuuliza habari za Unguja. "Kule hakuna anayejua kama amekufa," akasema. "Bi Zuhura anaongea naye kila wiki. Kule yupo, anasubiriwa. Nikifika nitamkuta, na nitabaki naye." Nikauliza, utabaki naye wapi, Salome? Akanitazama kwa huruma, naapa kwa huruma. "Si umesoma siku ya saba."

Miezi sita kulikuwa na swali moja lililonifunga mdomo: nitamsimulia vipi kifo changu mwenyewe? Mama hawezi kumwambia mwanawe nilikufa Jumanne, nilikufa hivi. Pale jikoni nikajiona jinsi nilivyo mjinga. Nikafungua kitenge chako kiunoni, nikakikunja, nikakiweka juu ya mtungi. Nikakaa chini sakafuni, yeye akiwa juu yangu kwenye kigoda. Nikamwambia, "Mimi ni Lidia. Mama yako amekufa."

Nikamwambia yote. Gauni la kijani, chaki, kichwa upande mmoja, bajaji, malori. Nikamwambia maneno yako ya mwisho na jinsi tulivyoyaelewa vibaya. Nikamwambia Jumapili zile za simu ya matroni nilikuwa namdanganya, kila salamu ya mama niliitunga mimi. Nilidhani atanipiga. Ningempa shavu.

Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka kwanza ilikuwa yako. Dada, ulilia kwenye jiko lako, kwa koo la mwanao, kilio ambacho sijakusikia ukilia hata tulipomzika baba. Kisha sauti ikakatika katikati, kama uzi, na nyuma yake ikatoka ya Salome. Nyembamba, ya kitoto, haijatumika kwa muda mrefu. Aliita mama, mama, mama. Nikamshika.

Majirani walikuja mbio wakidhani kuna msiba mpya. Nikawaambia ni ule ule, haukuwa umeisha.

Habari zikafika Ndalambo kabla ya jua kuzama, na Ijumaa Shangazi Tabita akashuka kwenye gari la mazao akiwa amekunja uso tangu njiani. Akanisema mbele ya watu. "Jina si gauni, Lidia, kwamba halikukai unalirudisha kwa fundi." Nikamjibu kwamba fundi mwenyewe ni mimi, na nimeona halinikai. Sijawahi kumjibu hivyo na nadhani sitarudia. Alinyanyua mkono. Lakini Salome akatoka ndani wakati huo, uso umevimba, akamwambia, "Shikamoo, bibi. Mama yangu amekufa," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa taarifa. Shangazi akaushusha mkono. Akaomba maji, hakuyanywa. Akakaa kwenye ngazi na kanga yake usoni, na mabega yakaanza kutikisika. Naye alikuwa hajalia, Dada. Aliwalinda wengine wasilie, naye hakuwa na wa kumruhusu.

Hatukuelewana yote. Kwenye vikao vya ukoo jina lako litaendelea kuitwa na nitaitika, hilo sikulishinda. Ila nyumbani mimi ni Lidia. Na Salome ameruhusiwa kulia wakati wowote atakao.

Jumamosi asubuhi nikampeleka kaburini, mara yake ya kwanza. Alikuwa na kitochi mfukoni. Akatoa laini, akaikata vipande viwili kwa mkasi wangu, mkasi wa kitambaa ambao wewe mwenyewe ulijua sipendi uguse kitu kingine. Tukachimba kwa jembe upande wa miguu yako, tukazika simu na vipande vile, tukashindilia udongo. Akakaa pale mpaka saa saba. Mimi nilikaa mbali kidogo, nikamwachia nafasi.

Ilibaki kazi moja, na niliiogopa kuliko zote. Kule Unguja wewe ulikuwa bado hai. Juzi Jumatatu, saa nne asubuhi, Salome akiwa hapa kibandani mbele yangu anakata nyuzi za sare, niliweka simu juu ya meza, nikafungua spika asikie, nikampigia Bi Zuhura. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nilisema mimi ni Lidia, mdogo wake Yunisi, nina habari nzito ya Mama Salome.

Kisha akasema, "Habari ipi tena, mwanangu? Mwenyewe kanipigia leo alfajiri, nimetoka kusali. Kasema safari yeye hawezi tena, nisimngoje. Kasema atakuja mtoto na mama yake mdogo, nitandike vitanda viwili, na mtoto nimtazame asiende majini peke yake."

Mkasi ulisimama mkononi mwa Salome. Mtoto yule alikuwa amelala ubavuni mwangu mpaka kumekucha, Dada, mkono wake juu ya tumbo langu. Yeye ndiye aliyeinama kwenye simu akauliza, "Alikuwa na sauti gani?" Bi Zuhura akafikiri. "Ya mtu aliyechoka," akasema. "Lakini hakuwa na shida. Kaniaga vizuri."

Nikamwambia, kwa sababu nilikuwa nimeapa kusema. Nikamwambia ulikufa mwezi wa kumi. Nilisikia anavuta pumzi, nikasikia akimtaja Mungu wake mara mbili, tatu. Hakunibishia wala hakukata simu. Alisema tu, "Basi njooni," na sauti yake ikawa ndogo. "Nimeagizwa, nitawapokea."

Salome alizimaliza nyuzi zote. Kisha akaniuliza treni ni saa ngapi, na kama nimekumbuka kuweka masweta, "mama mdogo." Ndivyo alivyoniita. Nikageukia cherehani nikajifanya natafuta kibobini cha uzi.

Sijui ulipigia kutoka wapi. Sitaki kujua, na naomba uniwie radhi, nakuogopa kidogo hata sasa, dada yangu niliyekuwa nikilala naye kitanda kimoja. Lakini nimekuelewa. Umeniachia mtoto. Ulichukua kazi ambayo mimi sikuweza, ukamwambia mwenyewe mtu wa mwisho aliyekuwa akikungoja kwamba hutakuja.

Basi kwaheri, Yunisi. Barua hii nitaipeleka jioni hii, niiweke chini ya jiwe la kichwani kwako, na nitaondoka bila kugeuka. Usitufuate. Usipige tena, hata ukimkumbuka Salome vipi, hata kule mbali bahari ikikuvuta uione kwa macho yake. Nitaiangalia kwa niaba yako. Siku ya saba nitaingia na Salome majini mpaka magotini, si zaidi, nikiwa nimemshika mkono kwa mkono wangu huu, uwe wangu au wako.

Na nitamrudisha nyumbani.

Mdogo wako,
Lidia